Mtu Aliyehesabu Mistari

Kabla hajasoma neno hata moja la karatasi uliyomletea, alihesabu mistari. Alianzia juu, kidole kikishuka polepole, midomo ikicheza bila sauti, na wewe uliyekuja na haraka zako ulisimama hapo kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Akimaliza aliandika idadi kwenye kona ya karatasi, akaizungushia duara, ndipo akavaa miwani. Ni miaka kumi na minne sasa tangu nimfahamu, na sijamwona akianza kwa namna nyingine.

Hapa Tabora mjini tulimwita Mkalimani. Wanafunzi wake wa zamani walimwita Mwalimu, kwa kuwa alifundisha Kiingereza sekondari mpaka akastaafu, na mimi nikiwa mbele yake nilimwita hivyo hivyo, maana hakuwa mtu wa kumwita kwa jina la mtaani. Lakini akishageuka tu na kutoka dukani kwangu, nilisema Mkalimani kama wengine wote. Nina duka la stesheneri. Nauza madaftari na kalamu, natoa kopi, naskani, na nina kompyuta nne za intaneti, ambazo zamani zilikuwa sita.

Alijua Kihispania. Kwetu mtu akijua kitu ambacho wenzake hawakijui, lazima atungiwe hadithi. Wapo waliosema aliwahi kutoroka na meli. Wapo waliosema ana mke huko ng'ambo. Mama mmoja muuza vitumbua alinihakikishia kwa kiapo kwamba ni kazi ya jini. Ukweli wenyewe hauna mbwembwe: wakati wa likizo za shule alikuwa akienda kwenye hospitali moja ya misheni kuwafasiria wagonjwa, na pale walikuwapo masista wauguzi waliozungumza Kihispania. Yeye Mwislamu wa mjini, kanzu na kofia, siku nzima wodini pamoja na masista, na hakuna upande ulioona ajabu. Sista mmoja alipoondoka alimwachia kamusi yake ya Kihispania na Kiingereza, kwa sababu ya Kihispania na Kiswahili haikuwapo.

Kamusi hiyo ndiyo iliyompa njia. Kila neno alilotuletea lilitoka kwenye Kihispania, likaingia kwenye Kiingereza, likakaguliwa hapo, ndipo likaja kwenye Kiswahili. Ni njia ndefu, alikiri mwenyewe, lakini ndiyo aliyoijua, na mji wetu wote ulijengwa na watu waliokuwa wakipumzika katikati ya njia ndefu, wakitoka pwani kwenda Ujiji au wakirudi. Ukimuuliza kazi yake alisema yeye ni mpagazi. Mizigo thelathini imetoka, mizigo thelathini ifike. Yaliyomo ndani si yake.

Kilichonikutanisha naye ni neno moja la Kihispania. Aliingia dukani asubuhi, kanzu imepigwa pasi mpaka mikunjo inasimama, kamusi isiyo na jalada imefungwa kwenye kipande cha kanga. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba binti, halafu akaniuliza jambo ambalo hakuna mteja aliyewahi kuniuliza: hawa watu waliokaa kwenye kompyuta zako, wanafanya nini hasa? Nikadhani ni mzazi anayemfuatilia mwanawe. Nikaanza kujitetea kwamba mimi picha chafu siruhusu dukani kwangu, mteja nikimkuta nazo namtoa. Akanituliza kwa kiganja, akasema hakuja kumshtaki mtu, amekuja kuangalia.

Masista wa shule moja ya wasichana walikuwa wameletewa kijitabu cha Kihispania cha kufundishia kompyuta, wakamwomba akigeuze kiwe cha Kiingereza ili walimu wakitumie. Alikwama ukurasa wa pili. Kitenzi kilikuwa navegar. Yeye alikijua miaka yote kuwa ni cha kusafiri kwa vyombo vya majini, na kamusi yake, iliyochapwa kabla Tabora haijasikia intaneti, ilimpa sail, basi. Sasa kijitabu kinawaambia wasichana wawashe kompyuta, halafu wafanye hivyo. Wasichana wa bweni, Tabora hii, ambako hata maji ya bomba yanakuja kwa zamu.

Nikamwambia, kwa kujidai kidogo, kwamba hilo ni jambo dogo, kwa Kiswahili tunasema kuperuzi. Akasema hakuja kuomba neno, amekuja kuona kitu chenyewe. Akavuta kiti, akakaa saa nzima akiutazama mkono wangu. Kila nilipofungua ukurasa mwingine aliniuliza sasa nakwenda wapi. Nikamwambia siendi popote, naangalia tu, nikiona kitu nakifuata, nikiona kingine nakiacha cha kwanza. Akasema mwenye chombo anajua anakokwenda. Nikasema basi huyu wa hapa hajui, Mwalimu, na hana habari. Akayaandika hayo kwenye daftari lake kwa mwandiko ule wa ubaoni.

Kesho yake alirudi amepata browse. Alichimba kwenye vitabu vyake akakuta kwamba neno hilo Waingereza walilitoa kwa wanyama, mbuzi anavyokula majani, anang'ata hapa, anaacha, anasogea pale. Mtu mwingine angefurahi, angeandika, angelala. Yeye alipanda basi la Igunga, akaunganisha mpaka Ziba kwa mwanafunzi wake wa zamani anayefuga, akakaa machungani tangu asubuhi mpaka adhuhuri akiwatazama mbuzi. Mzee wa kanzu, miaka sitini na kitu, amekaa kwenye jiwe anakagua mbuzi. Alirudi kwangu na vumbi mpaka kwenye nyusi, akasema ni lenyewe, mbuzi hamalizi mti hata siku moja. Ndipo akaliandika.

Nilimcheka mpaka nikakaa chini. Lakini nisiseme uongo, baada ya kucheka niliingiwa na ile hofu ya heshima unayoipata ukimwona fundi akiurudia mlango mzima kwa sababu ya kona moja ambayo wewe wala huioni. Mimi kwa siku natamka maneno mangapi, na ni mangapi niliyowahi kwenda kuyaona?

Akaniambia pia kwamba ule upande mwingine wa kitenzi, upande wa maji, hajawahi kuuona. Aliwahi kuandika sail kwenye karatasi za watu na kila mara moyo wake ulikataa. Maji makubwa kuliko yote aliyowahi kuyaona ni bwawa la Igombe, na hata hapo alisimama mbali. Maji aliyaogopa waziwazi, bila kuona haya.

Usije ukadhani nakusimulia habari za malaika. Alikuwa mgumu, na alichosha watu. Neno lake kubwa lilikuwa "ngoja kwanza", na vijana wa kijiwe cha kahawa walimwigiza kwalo. Karatasi ya nusu ukurasa angekaa nayo juma zima. Aliwagombeza wanaochanganya lugha, lakini timu yake ikifungwa alilaani kwa Kihispania kitupu, na kwa sura yake ulijua hayo hakufundishwa na masista. Simu ya kisasa aliikataa, akisema ni ya watu wasio na kazi, halafu anakuja kutumia ya kwangu kana kwamba tumeinunua pamoja. Aliwahi kulibandua bango langu mlangoni bila ruhusa kwa sababu lilichanganya Kiingereza na Kiswahili. Nilimnunia siku mbili. Siku ya tatu alileta bango jipya aliloliandika kwa mkono wake, na mpaka leo wateja wanalisifia.

Kuna kijana mmoja fundi simu pale stendi, alipata mchumba mtandaoni, mwanamke wa huko Amerika ya Kusini. Akamletea Mkalimani barua aliyomwandikia aigeuze. Mistari tisa, na mistari sita kati ya hiyo ilikuwa habari za ng'ombe mgonjwa wa mama yake. Kijana mwenyewe aliona aibu alipoisikia ikisomwa. Akaomba iwekwe sukari kidogo, habari za macho na nyota. Mkalimani akamwambia nyota aziandike yeye mwenyewe, yeye atazibeba. Kijana hakuwa nazo. Barua ikaenda na ng'ombe wake. Majibu yalipokuja, mwanamke alitaka kujua ng'ombe anaendeleaje, na barua ya pili akauliza tena, na ya tatu. Yule kijana alisema hakuna mwanamke aliyewahi kumuuliza jambo la nyumbani kwao kabla ya hapo.

Mimi hayo yote niliyaona kama vituko vya mzee mwenye nafasi. Sikujua kuwa siku moja karatasi itakuwa ya kwangu.

Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, wa mwisho kwa mama yetu. Nilimbeba mgongoni. Alikulia Ntalikwa akilima karanga na kuchunga, halafu akaenda Dar es Salaam, na huko akapata kazi kwenye meli ya Wahispania inayovua jodari. Kijana wa Ntalikwa, baharini. Meli ikiingia bandarini alinipigia, na mimi nilimpelekea mama simu ili asikie sauti yake. Miaka mitatu iliyopita nilipigiwa na wakala wake wa Dar es Salaam. Alisema mdogo wangu aliugua melini, akafariki, na kwa kuwa bandari ilikuwa mbali, walimzika baharini.

Nilikwenda Ntalikwa siku hiyo hiyo. Nikamwambia mama kwamba mwanawe amefariki. Alipouliza kazikwa wapi, ulimi wangu ulikataa. Sisi watu wa nchi kavu, mtu hatupwi majini. Nikasema kazikwa kwenye mji mmoja wa ng'ambo, makaburi ya Wakatoliki, padri alikuwapo. Mama akauliza kichwa kimeelekezwa wapi. Nikamjibu kwamba msalaba ni mweupe. Hakuuliza tena.

Baada ya majuma mawili ikaja kwenye simu yangu picha ya barua iliyoandikwa kwa mkono, kwa Kihispania. Nahodha wa ile meli alikuwa amemwandikia mama. Sikungoja. Nikaiweka kwenye simu inigeuzie, nikaona kwa Kiingereza kwamba mdogo wangu alishikwa na homa, na kwamba kwa siku mbili mchana na usiku wale watu walikuwa wakiperuzi. Nikasoma tena. Ndugu yangu anakata roho, wao wako mtandaoni. Nilikaa kwenye kaunta ya duka langu nikawachukia watu nisiowajua kwa chuki ambayo sikujua kama ninayo.

Nikampelekea Mkalimani picha ile. Akaniambia niichape kwenye karatasi kwanza. Nikachapa. Akahesabu. Ishirini na tatu. Akaandika, akazungushia duara, akavaa miwani, akasoma kimya mpaka mwisho. Halafu akaniambia taratibu kwamba hawakuwa mtandaoni. Kitenzi ni navegar ile ile, simu imekosea. Walikuwa wakiendesha meli siku mbili bila kupumzika, kutafuta bandari ya karibu ili wamfikishe hospitali. Nililia pale pale. Sumu moja ilinitoka.

Nikamwomba aandike yote nimpelekee mama. Akasema ngoja kwanza. Barua ni ya mama, ataipeleka mwenyewe, na kwanza kuna jambo hajalijua. Meli ya injini, haina tanga, ikiwa katikati ya maji inafanya nini? Inakwendaje, inasimamaje? Hawezi kumpelekea mama aliyefiwa neno ambalo yeye mwenyewe hajui uzito wake. Kesho yake akapanda treni ya Kigoma.

Alikaa siku tisa. Siku tisa mama ananiuliza kuhusu barua, kwa maana majirani walishamwambia kuwa ipo, na mimi najibu kwamba mzee amesafiri. Nilimtukana kimoyomoyo kwa kila lugha niliyokuwa nayo. Aliporudi alikuwa amekonda uso, amebeba mfuko wa dagaa, na barua imeandikwa tayari kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, kila mstari na namba yake pembeni.

Hapo ndipo nilipomwambia uongo wangu. Nilimwambia kuhusu makaburi, padri na msalaba mweupe. Nikamwomba airuke mistari miwili tu, wa kumi na sita na wa kumi na saba, ile ya kuzikwa. Mama ana presha. Mama ni mzee. Miwili tu, Mwalimu, kati ya ishirini na mitatu.

Hakukasirika. Aliivua kofia yake akaiweka gotini, na akanisimulia jambo ambalo nadhani hakuwa amemsimulia mtu. Kule hospitali ya misheni, yeye akiwa kijana bado, alimfasiria mwanamke mmoja aliyekuwa akilia sana. Sista alisema sentensi nne. Ya nne ilisema dawa hizi utakunywa maisha yako yote. Alimwonea huruma yule mwanamke, akaona sentensi tatu zinamtosha kwa siku ile, ya nne atamwambia akirudi. Yule mwanamke alikunywa dawa, akapata nafuu, akaacha. Aliporudi alikuwa amebebwa na ndugu zake, na hakuna kitu masista walichoweza kumfanyia.

"Tangu siku ile nahesabu," alisema. "Siruki mstari, binti. Hata wa kwako."

Nilimwambia basi asiende. Akasema barua si yangu. Tukaenda Ntalikwa tumenuniana, kila mtu kwenye bodaboda yake.

Mama alikuwa amekaa barazani akibangua karanga. Mkalimani alimwamkia kwa Kinyamwezi, akampa pole ya msiba, akakaa kwenye kigoda. Akaitoa barua ya Kihispania, akaihesabu tena mbele yake kwa sauti, moja mpaka ishirini na tatu, ili mama ajue kilichomo. Halafu akaanza kusoma Kiswahili chake, na kwa kila mstari kidole kilishuka. Nahodha alijitaja. Alisema kijana alikuwa mchapakazi, alikuwa akiwaimbia wenzake nyimbo za kwao za kulima. Alisema homa ilivyoanza, na zile siku mbili za kuitafuta bandari. Mama aliendelea kubangua. Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole nyuma ya mgongo. Kumi na nne. Kumi na tano. Nikaangalia chini.

Wa kumi na sita ulisema kwamba alifariki alfajiri, bandari bado iko mbali na joto ni kali, kwa hiyo walimzika baharini. Mikono ya mama ilisimama. Wa kumi na saba ulisema: nilizima injini, watu wote wakatoka juu wakavua kofia, na kila mmoja akasali kwa lugha yake.

Nikajua nimemuua mama yangu, mimi na huyu mzee tumesaidiana.

"Walizima injini?" mama akauliza.

Mkalimani aliiweka karatasi chini, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya katikati ya kazi. Akamwambia mama kwamba neno hilo lilimsumbua, ndiyo maana alikwenda Kigoma. Aliwaomba watu wa boti wamwingize ziwani mpaka nchi ionekane nyembamba. Akawaomba wazime.

"Ikizimwa, mama, chombo hakitulii," alisema. "Kinalala upande huu, kinalala upande huu, maji yanakipiga ubavuni. Mimi nilianguka nikatapika. Wale vijana walikuwa wakinisihi niwaruhusu wawashe. Wakaniambia mle ndani hakuna anayezima kwa jambo dogo. Hata kwa samaki hawazimi."

Mama aliziweka chini karanga zilizokuwa mkononi.

"Kwa hiyo kwa mwanangu walizima."

"Walizima, mama. Na hawakuwasha mpaka walipomaliza kusali. Uko hapo, mstari wa kumi na saba."

Mama alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akamwambia aendelee, bado sita. Alikuwa akihesabu na yeye. Mkalimani akasoma sita hiyo, ya salamu na ya vitu vya marehemu, mpaka jina la nahodha. Kisha mama akanigeukia mimi, na wala hakupandisha sauti.

"Nilijua hakuna kaburi," alisema. "Nilikuuliza kichwa kimeelekea wapi, ukaniambia rangi ya msalaba. Majuma haya yote nimekuwa nikiwaza walimtupa kama takataka, na wewe unaona haya kuniambia."

Nilipiga magoti pale barazani nikamwomba msamaha. Nilichotaka kumfichia alikuwa nacho tayari, tena kwa sura mbaya kuliko ile ya kweli, na ile injini iliyozimwa ilikuwa ndani ya mistari niliyotaka irukwe. Ningeiruka miwili ile, ningemwachia mama mwanawe ametupwa mpaka na yeye anaingia kaburini.

Barua ile mama ameihifadhi kwenye Biblia yake. Kila mwaka ikifika siku ile anasimamisha nyumba. Anayetwanga anaweka mchi chini, redio inazimwa, hata kuku wanafukuzwa uani. Tunasimama kimya kwa muda wa sala moja, halafu anasema haya, washeni, na kazi zinaendelea. Mavuno ya karanga yakitoka, gunia la kwanza kuguswa ni la kumpelekea Mkalimani fungu lake. Yeye hulipokea kwa kulalamika kwamba meno hana.

Miezi michache baada ya barua ile nilimuuliza kule Kiingereza aliandika nini hatimaye, kwa zile siku mbili za mwendo. Akanionyesha nakala. Alikuwa ameandika sail, akakata, akaandika maneno mengine, akakata, na mwishoni akairudia sail ile ile ya kwenye kamusi. Nikamuuliza basi alikwenda kufanya nini Kigoma, kama alirudi na neno alilokwenda nalo. Akasema sasa analijua.

Mwaka huu, baada ya Idi, alikuja dukani kwa bodaboda. Nilikuwa sijamwona miezi miwili. Dereva alimshika mkono mpaka mlangoni, na nilipomwamkia aligeuza uso kuelekea kwenye kabati la madaftari, siyo kwangu. Kanzu ilikuwa na pasi ile ile. Nikamkalisha kwenye kiti chake cha siku zote, nikamletea chai. Aliongea habari za mvua, akaulizia afya ya mama, akanigombeza kwa kelele za printa. Halafu akatoa bahasha mfukoni. Alikuwa ametoka hospitali ya rufaa kwa macho, wakampa barua ya daktari ya kurudi nayo huku. Ya Kiingereza. Aliniambia wapo wa kumsomea nyumbani, wajukuu wote wamesoma, lakini wanampenda mno.

Nikaifungua. Kabla sijavuta pumzi akasema nihesabu.

Nikahesabu kwa kidole, kutoka juu, kama alivyofanya yeye miaka yote. Kumi na nne. Akaniambia niiandike kwenye kona. Nikaandika, nikazungushia duara.

Nikaanza. Jina lake, umri wake, tarehe ya kuonekana. Nilisoma mstari wa Kiingereza, halafu nikausema kwa Kiswahili, na yeye aliweka kiganja juu ya meza akakunja kidole kimoja kwa kila mstari. Presha ya macho, muda mrefu. Jicho la kulia, vipimo vyake. Jicho la kushoto, vipimo vyake. Vidole vya mkono mmoja vikaisha, akaanza kuvihesabu upya. Mstari wa kumi ulikuwa wa matone ya dawa. Macho yangu yalikuwa yameshatangulia kwenye wa kumi na moja.

Ulikuwa mstari mfupi. Ulisema kwamba nuru ya macho yote mawili imekwisha na haitarudi.

Ningeweza kuusema kwa namna nyingine. Kiswahili ni kipana, na yeye haoni karatasi. Ningeweza kusema daktari ana wasiwasi, daktari anashauri subira. Nilimwangalia mzee yule, aliyekaa machungani Ziba kwa ajili ya neno moja, aliyetapika ziwani Kigoma kwa ajili ya mama yangu, nikaacha kusoma. Printa ilimaliza kazi yake ikanyamaza. Mteja aliyekuwa anasubiri kopi alituona akatoka nje mwenyewe.

Kidole chake kilikuwa bado kimenyooka juu ya meza, kinangoja.

"Umezima injini," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. Akavua kofia yake, akaiweka gotini, na tukakaa hivyo kwa kiasi cha sala moja.

"Haya, binti," alisema. "Washa. Bado minne."

Nikasoma yote minne.